Kodi ya mapato, hadhi na huduma za umma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelipa kodi, anayekerwa nayo kidogo, na aliyewahi kusikia wachumi wakidai kwamba tamaa ya kuonekana inabadilisha hesabu nzima ya kodi. Tarakimu za mifano hazina sarafu. Weka yoyote unayotumia.

Hadhi na kodi vinakutana wapi?

Tazama watu wanne wakiketi meza moja. Simu zinatoka mifukoni na kulazwa kifudifudi, kamera juu. Hakuna anayesema kitu, lakini kila mmoja ameshasoma: hii ni toleo la mwaka huu, ile ni ya miaka mitatu nyuma, na huyu wa nne mbona hajaitoa kabisa? Simu zote nne zinapiga na kupokea. Kilichopimwa pale mezani si kupiga wala kupokea.

Vitu vingi tunavyonunua vina kazi mbili. Kwanza vinatufaa: nyumba inatukinga na mvua, gari linatufikisha. Pili vinatuweka kwenye foleni ya watu, juu ya fulani na chini ya fulani. Kazi ya kwanza inaweza kuongezeka kwa wote. Watu kumi wakipata paa zisizovuja, wote kumi wamenufaika. Kazi ya pili haiongezeki. Nikipanda nafasi moja kuna aliyeshuka nafasi moja, na sikumlipa kitu kwa kumshusha. Wachumi huliita jambo hili athari ya nje, ni kama moshi wa kiwanda unaoingia kwa majirani ambao hawakununua chochote kutoka kiwandani. Moshi tumezoea kuutoza kodi. Swali ni kama mapato yanayogeuka kuwa ufahari nayo yanatoa moshi.

Huu si wivu tu uliovalishwa joho la kisomi?

Sehemu yake ni wivu, sikatai. Lakini tusiishie hapo. Mwaka 1776 mchumi Adam Smith aliandika kwamba shati la kitani si kitu cha lazima kwa uhai, Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri tu bila hilo. Lakini katika zama zake kibarua wa kawaida angeona haya kutokea mbele za watu bila shati hilo. Kibarua yule hamwonei mtu kijicho. Anachotaka ni kuingia mahali bila kutazamwa mara mbili.

Hali ni ileile kwa mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi. Suti inayokubalika haina kipimo chake yenyewe. Inapimwa kwa suti za wengine waliokaa kwenye benchi lile. Wengine wakipandisha, na wewe unapandisha, hata kama moyo wako hauna makuu. Thorstein Veblen, aliyeandika mwaka 1899 juu ya matumizi ya kujionyesha, aliwasema zaidi matajiri wa wakati wake. Mimi naona wanaobanwa zaidi ni wa chini na wa kati: tajiri anajimwambafai kwa hiari, kibarua anakufa na tai shingoni kwa sababu hana njia nyingine ya kuheshimiwa.

Kuna ushahidi, au ni falsafa za vijiweni?

Upo, na mwingine unachekesha.

Sara Solnick na David Hemenway, katika makala yao ya 1998, waliwapa watu chaguo: uishi mahali ambapo unapata 50,000 kwa mwaka na wenzako wanapata 25,000, au mahali ambapo unapata 100,000 na wenzako 200,000, bei zikiwa zilezile kote. Karibu nusu yao walichagua kupata kidogo ilimradi wawe juu. Walipoulizwa swali la aina hiyo kuhusu siku za likizo, wachache sana walitaka kuwa na siku chache zinazowazidi wengine. Likizo watu waliitaka kwa ajili ya likizo. Tutairudia tofauti hiyo baadaye kwa sababu imebeba sehemu kubwa ya hoja.

Unaweza kusema majibu ya dodoso ni maneno tu. Haya, Uholanzi kuna bahati nasibu ya misimbo ya posta: msimbo mmoja unachaguliwa, waliokata tiketi hapo wanapata fedha, na mmoja wao anapata gari jipya la BMW. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba nyumba za majirani wa washindi, zile ambazo hazikushinda hata senti, zilianza kununua magari zaidi. Kipato chao hakikubadilika. Kilichobadilika ni gari lililoegeshwa mlango wa pili.

Huko California, watafiti waliwajulisha baadhi ya wafanyakazi wa chuo kikuu cha umma kwamba kuna tovuti inayoonyesha mishahara ya wenzao. Waliogundua wako chini ya kiwango cha kati cha idara yao walipungukiwa na kuridhika na kazi yao na wakaanza kufikiria kuhama. Waliogundua wako juu? Hakuna kilichoongezeka. Matokeo hayo, ya mwaka 2012, yanaonyesha jambo linalosahaulika: maumivu ya aliye chini hayafidiwi na raha ya aliye juu, hivyo mashindano haya hayatoki hata sare.

Na Indonesia, benki moja iliwapigia wateja kuwauzia kadi ya platinamu, kadi ya wenye kipato kikubwa. Wengine waliuziwa manufaa yaleyale ya kadi hiyo lakini bila sura ya platinamu. Walioikubali kadi yenye sura walikuwa 21%, na wasio na sura 14%. Hizo pointi saba ni bei ya rangi ya plastiki.

Mashindano haya yanapoteza nini hasa?

Chukua mtaa wa nyumba kumi, kila moja na ukuta wa mita moja na nusu. Mmoja anapandisha wake hadi mita mbili na kuweka geti la chuma lenye nakshi. Anapata mambo mawili: wapita njia wanageuka kutazama, na mwizi anaona ni rahisi zaidi kuruka kwa jirani. Jirani naye si mjinga, anapandisha. Baada ya miaka michache kuta zote ni mita mbili na nusu, mageti yote yana nakshi, hakuna anayegeuka kutazama, na kwa mwizi nyumba zote ni sawa kama zilivyokuwa mwanzo. Kila nyumba imetumia 400. Jumla 4,000.

Taa za barabarani kwa mtaa mzima zingegharimu 1,500, yaani 150 kwa kila nyumba, na zingempunguza mwizi kwelikweli badala ya kumhamishia kwa mwenzako. Hazikuwekwa. Hata watoto, wanaorudi jioni wakipita kwenye giza katikati ya kuta ndefu, wangezifurahia. Lakini taa haimpandishi mtu yeyote juu ya mwenzake, kwa hiyo kwenye foleni ya matumizi ya kila nyumba ilikuwa ya mwisho.

Hiyo ndiyo hasara. Si kwamba fedha zimechomwa. Mafundi walilipwa, saruji ilinunuliwa. Ni kwamba fedha zimeegemea upande wa vitu vinavyoonekana na kulinganishwa, zikapungua kwa vile visivyolinganishwa: mapumziko, akiba, usalama kazini, hewa safi, na huduma ambazo hakuna anayezimiliki peke yake. Mchumi Robert Frank ameandika juu ya mwegemeo huu tangu miaka ya 1980, na Fred Hirsch kabla yake, mwaka 1976, alitumia picha rahisi: watu wote wakisimama kwa vidole vya miguu, hakuna anayeona vizuri zaidi.

Sasa kodi ya mapato inaingiaje?

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kodi ina ubaya wake mbali na fedha inazochukua. Inamkatisha mtu tamaa ya kufanya kazi ambayo angeifanya kwa furaha, na faida ya kazi hiyo inapotea bila kwenda kwake wala serikalini. Huo huitwa mzigo wa ziada wa kodi, na ndio silaha kuu ya kila anayetaka viwango vishuke.

Tuufanyie hesabu. Kuna mtu anafikiria kufanya kazi Jumamosi. Atalipwa 100. Mapumziko yake ya siku hiyo, akiyapima kwa fedha, anayathamini 80. Bila kodi anafanya kazi, anabaki na faida ya 20. Ukiweka kodi ya 30%, atapata 70 tu, ambayo ni chini ya 80, hivyo anabaki nyumbani. Serikali haijapata kitu, yeye kapoteza faida yake ya 20. Vitabu vya kawaida vinasema: tazama uharibifu.

Sasa ongeza hadhi. Tuseme ile 100, ikishageuka viatu na pazia jipya, inawashusha wenzake kwa kiasi ambacho wao wangelipa 30 kukiepuka. Faida yake ni 20, hasara yao ni 30. Kazi ile ya Jumamosi ilikuwa inaipunguzia jamii 10, na kodi ile ile iliyolaaniwa imeizuia. Hapa kodi haikuharibu, imesahihisha.

Mwenzake mwingine anayathamini mapumziko yake 60. Huyu hata akikatwa 30% bado anabaki na 70, anakwenda kazini, na serikali inapata 30. Mpaka hapo vizuri. Lakini ukipandisha kodi hadi 50%, anapata 50, anabaki nyumbani, na faida yake ya 40 inayozidi hasara ya wenzake ya 30 inapotea kweli. Kwa hiyo hoja hii haisemi kodi ipande bila kikomo. Inasema mzigo wa ziada unaanza kuhesabiwa juu zaidi ya pale tulipozoea kuuanzia, na kabla ya hapo kodi inafanya kazi ya kuponya.

Nani alikuwa wa kwanza kuipiga hesabu hii?

James Duesenberry alijenga mwaka 1949 nadharia ya matumizi iliyoweka ulinganisho katikati. Upande wa kodi, makala inayotajwa sana ni ya Michael Boskin na Eytan Sheshinski ya 1978: walionyesha kwamba ustawi wa mtu ukitegemea nafasi yake kwa wengine, kodi bora yenye kugawa upya mapato inakuwa kali zaidi. Richard Layard alifuata mwaka 1980. Boskin baadaye alikuwa mshauri mkuu wa uchumi wa rais George H. W. Bush, kwa hiyo anayedhani hoja hii ni ya kambi moja ya siasa akumbuke hilo.

Je, ina maana huduma za umma ziongezwe?

Kwa kawaida ndiyo, lakini njia ya kufika hapo ina mtego.

Bidhaa ya umma, kwa maana aliyoiweka sawa Paul Samuelson mwaka 1954, ni kitu ambacho kukitumia kwangu hakupunguzi chako: taa ya barabarani, ulinzi wa mipaka, hewa safi. Kanuni yake inajumlisha thamani ambayo kila mtu anaipata, kisha inalinganisha na gharama. Ukichanganya na mzigo wa ziada wa kodi, kila 100 inayokusanywa inaonekana kugharimu jamii zaidi ya 100, tuseme 125, hivyo miradi mingi inashindwa mtihani. Yew-Kwang Ng mwaka 1987, na Ronald Wendner pamoja na Lawrence Goulder mwaka 2008, walieleza kwamba hadhi inaipunguza ile 125. Fedha iliyochukuliwa kwa kodi ingeishia kwenye mashindano yasiyompandisha yeyote, kwa hiyo kuiondoa si hasara kubwa kama inavyodhaniwa. Mradi uliokataliwa jana unaweza kupita leo bila bei ya saruji kubadilika.

Mtego uko kwenye kuuliza watu thamani. Waite wakazi kwenye kikao umwulize mmoja mmoja: wewe ungetoa kiasi gani kwa ajili ya barabara hii? Atatafakari kwamba akitoa yeye, atabaki na kidogo kuliko wenzake, atataja 50. Ubadilishe swali: kila mtu akikatwa kiasi kilekile, ungekubali kiasi gani? Sasa hashuki nafasi, kwa sababu wote wanashuka pamoja. Anaweza kutaja 90. Barabara ni ileile na mtu ni yuleyule. Thomas Aronsson na Olof Johansson-Stenman walilichambua jambo hili kwa kina mwaka 2008, na kwa maoni yangu ndilo jambo lenye manufaa ya moja kwa moja kuliko yote kwenye tafiti hizi, kwa kuwa dodoso nyingi za miradi zinauliza swali la kwanza huku kodi inatoza kwa mtindo wa swali la pili.

Wachapakazi hawatalegea?

Baadhi watapunguza, na kama ulivyoona kwenye mfano wa Jumamosi, wengine ni heri wapunguze. Samuel Bowles na Yongjin Park waliona mwaka 2005 kwamba katika nchi tajiri walizozichunguza, pengo la kipato likiwa kubwa saa za kazi nazo huwa nyingi, jambo linaloendana na watu kukimbizana na walio juu.

Kuna lingine ambalo watu hulisahau. Kodi haipangui foleni. Chukua watatu wenye 900, 600 na 300. Watoze 30%, 20% na 10%. Wanabaki na 630, 480 na 270. Wa kwanza bado wa kwanza. Kama alikuwa anafanya kazi ili awe wa kwanza, sababu yake iko palepale. Ila mapengo yamefinyika, na hapo naona wapinzani wana hoja: mtu aliyesukumwa na ukubwa wa pengo, si nafasi tu, anaweza kulegea. Anaweza pia kuhamisha mapato yake nje au kuyaficha, na kuficha hakuponyi mashindano yoyote.

Na mapumziko je, hayana hadhi?

Yanazidi kuwa nayo. Picha ya ufukweni haikuwa na watazamaji wengi ilipokaa kwenye albamu ya nyumbani. Sasa inafika kwenye simu za watu mia tano kabla mwenyewe hajavua viatu. Kumbuka yale majibu ya 1998, ambapo likizo haikushindaniwa kama mapato. Hoja ya kodi inategemea sana tofauti ile. Mapumziko yakishindaniwa sawasawa na mali, kodi inayomtoa mtu kazini inamhamishia kwenye uwanja mwingine wa mashindano.

Kwa nini tusitoze tu vitu vya fahari na kuacha mapato?

Kimantiki ndiyo bora. Ng aliandika mwaka 1987 kuhusu bidhaa za aina ya almasi, zinazopendwa kwa sababu ya bei yake. Ukiitoza kodi almasi ikawa ghali maradufu, mnunuzi ananunua nusu yake na kuonyesha utajiri uleule. Kainunua heshima kwa gharama ileile, serikali imepata fedha, na hakuna aliyeumia. Kodi isiyo na mzigo hata chembe! Kwenye karatasi.

Nje ya karatasi, Marekani ilipitisha mwaka 1990 ushuru wa 10% kwa sehemu ya bei inayozidi kiwango fulani: 100,000 dola kwa boti za starehe, 30,000 kwa magari, 10,000 kwa vito na makoti ya manyoya. Ukaanza 1991. Wanunuzi wa boti waliahirisha au wakageukia vitu vingine, watengenezaji wakapunguza wafanyakazi, na mwaka 1993 Bunge likaufuta, isipokuwa wa magari ulioachwa ukaisha polepole. Roma ya kale ilifika mbali zaidi: sheria ya Oppia ya mwaka 215 KK iliwakataza wanawake kumiliki dhahabu inayozidi nusu aunsi, na ikafutwa 195 KK baada ya wanawake kujaa barabarani kuipinga.

Shida ni kwamba hadhi ina miguu. Ukitoza boti, inahamia kwenye saa. Ukitoza saa, inahamia kwenye harusi au shule ya mtoto. Sheria inabaki nyuma ikiandika orodha. Kodi ya mapato haijali umehamia wapi, na hilo ndilo linalofanya isishindwe kirahisi ingawa inamtoza sawa anayejionyesha na anayeweka akiba. Frank anapendekeza njia ya katikati: toza mapato ukiondoa akiba, yaani matumizi ya mwaka mzima, kwa viwango vinavyopanda. Naipenda zaidi ya nyingine. Ugumu wake ni kipindi cha kuhamia, kwa wazee waliokwisha kukatwa kodi walipokuwa wakipata na watakaokatwa tena wanapotumia.

Tamaa ya hadhi haiwezi kuzijenga huduma za umma badala ya kuzinyima?

Athene ya kale ilifanya hivyo. Raia tajiri alipewa zamu ya kugharamia meli ya kivita kwa mwaka, au kwaya kwenye tamasha la mji. Aliyeona ameonewa aliruhusiwa kumtaja mwingine aliye tajiri zaidi: ama abebe zamu, ama wabadilishane mali. Walioibeba vizuri walijisifu, na mmoja, Lysicrates, alijenga mnara wa ushindi wa kwaya yake ya 335/334 KK ambao umesimama Athene hadi leo. Yaani mtu alitozwa, akalipa, kisha akalipa tena ili watu wajue alilipa. Hakuna mamlaka ya kodi ya sasa inayoweza kuota mafanikio hayo.

Leo tunaona chembe zake kwenye michango. William Harbaugh alionyesha mwaka 1998 kwamba taasisi ikiwatangaza wachangiaji kwa madaraja, michango inarundikana palepale daraja linapoanzia: kama daraja linaanza 500, wengi wanatoa 500 na wachache 650. Amihai Glazer na Kai Konrad walikumbusha mwaka 1996 kwamba wachangiaji wasiotaka kutajwa ni wachache mno.

Ninachokiogopa ni kile kinachojengwa. Maktaba yenye jina ukutani inapata mfadhili, ukumbi unapata. Bomba la majitaka halipati, na wala chanjo ya mtu wa nne aliyechanjwa Jumanne. Fedha za hadhi zinakwenda kwenye jengo na kukimbia mshahara wa muuguzi. Ndiyo maana michango ya fahari inafaa kuwa kiungo, si chakula chenyewe. Serikali nazo hazijapona ugonjwa huu, kwani viwanja na minara mirefu kuliko ya jirani vipo kila pembe ya dunia.

Tukiweka wazi kodi ya kila mtu, hadhi haitahamia kwenye kulipa?

Norwe wamejaribu. Taarifa za kodi zilikuwa wazi kisheria kwa miaka mingi, ila ilibidi mtu aende ofisini kupekua. Mwaka 2001 zikawekwa mtandaoni. Wenye biashara walianza kutangaza mapato makubwa zaidi, kwa takriban 3%, pale ambapo awali taarifa hazikuwa zinaonekana kirahisi. Hiyo ni faida ya kweli kwa hazina.

Lakini Ricardo Perez-Truglia alionyesha mwaka 2020 kwamba pengo la furaha kati ya matajiri na maskini liliongezeka kwa 29%. Watu hawakuwa wakipekua mafisadi; walikuwa wakiwapekua mashemeji, wafanyakazi wenzao na wapenzi wa zamani. Mwaka 2014 ikawekwa kanuni kwamba unayempekua anajulishwa ni wewe, na upekuzi ukaporomoka. Kinachoonyeshwa kilikuwa mapato pamoja na kodi, na macho yalikwenda kwenye mapato.

Huduma ya umma yenyewe haiwezi kuwa alama ya unyonge?

Inaweza, na kwangu hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote.

Nina rafiki ambaye basi la kwenda kazini kwake linapita mlangoni, linafika kwa wakati na lina viti. Halijawahi kumwona ndani. Anakaa kwenye foleni ya magari mara mbili ya muda huo, kwa mkopo, na nilipomuuliza alinijibu kwa sauti ya chini kwamba wateja wake wasingemwelewa wakimkuta kituoni. Basi halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa nani mwingine yumo.

Hali hiyo ikienea inageuka mzunguko. Wenye nacho wanahama kwanza, kwenye shule, kliniki, usafiri. Wakishahama, huduma inabaki ya wasio na sauti, malalamiko yake hayafiki popote, inadhoofika. Ikidhoofika, aliyebaki anahama hata kama hana uwezo, maana sasa kubaki ni kutangaza hali yako. Na aliyehama anauliza swali la haki kabisa: kwa nini nilipie kodi kitu ambacho familia yangu haikitumii? Upigaji kura wake unabadilika. Hivyo kile kilichoanza kama hofu ya kuonekana kituoni kinaishia kwenye bajeti.

Kiuchumi, hapa nadharia iliyotangulia inapinda. Tulidhani bidhaa za umma hazina hadhi, za binafsi ndizo zenye hadhi. Lakini huduma nyingi tunazoziita za umma, kama shule na hospitali, zina mbadala wa binafsi, na mbadala huo unauzwa kwa kutengana na wengine. Taa ya barabarani haina tatizo hili. Hakuna anayeweza kununua mwanga wake wa barabara na kutembea nao. Kwa huduma zenye mbadala, kuongeza fedha peke yake kunaweza kusitoshe, na ubora unaoonekana kwa macho, kama rangi mpya, kituo safi, foleni isiyodhalilisha, si anasa bali ni sehemu ya huduma.

Mkosoaji mkali zaidi anasema nini?

Anasema si kila maumivu yanastahili kuingizwa kwenye sera. Mbaguzi anaumia akiona mtu wa kabila lingine amefanikiwa. Je, tumtoze kodi aliyefanikiwa ili kumpoza mbaguzi? La hasha. Basi kwa nini tupoze maumivu ya jirani aliyeona gari?

Hoja hii ina uzito, na watetezi wengi wa kodi wanaikimbia. Jibu langu ni kutenganisha maumivu na gharama. Sihitaji kuhesabu uchungu wa mtu. Nahesabu suti aliyolazimika kununua ili asikilizwe, ukuta alioupandisha ili mwizi asimchague yeye, pango la nyumba lililopanda kwa sababu wenye kipato kikubwa wanagombea mtaa wenye shule nzuri. Hizo ni fedha zilizomtoka mtu, hata awe na roho safi kama maji. Kilichobaki, kijicho kitupu, namwachia mkosoaji.

Kwani mimi mwenyewe siwezi kujitoa tu kwenye mashindano?

Unaweza. Rudi kwenye ule mtaa wa nyumba kumi na ushushe ukuta wako hadi mita moja na nusu. Utaokoa matengenezo, utapata hewa, utawaona watu wakipita. Kuta nyingine tisa zitabaki mita mbili na nusu, na taa bado hakuna.